Samaki wa Mjukuu Wangu

Siku ambayo samaki wa mjukuu wangu alianza kulala ubavu, chakula chetu cha mchana kilikuwa wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nakumbuka vizuri, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa bado vinanukia samaki nilipoinama kumtazama yule samaki mwingine, aliyekuwa ndani ya bakuli la kioo juu ya kabati, akifumba na kufumbua mdomo kwenye uso wa maji kama mtu aliyetoka kukimbia mbio ndefu. Niliingiwa na huruma. Kisha nikaionea haya huruma yenyewe, maana mkononi mwangu palikuwa na harufu ya jamaa yake. Tangu siku ile jambo hili limekataa kunitoka moyoni, na ndilo nitakalo kulieleza hapa, ingawa najua wapo wasomaji watakaosema Mwalimu sasa amezeeka, amekosa la kuandika.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu sisi samaki ni kitoweo. Kinachofugwa ni kuku, mbuzi, njiwa, na paka, ambaye kwa kweli hujifuga mwenyewe. Samaki wa kutazamwa tu aliingia nyumbani mwangu mwezi wa Oktoba 2023, alipoletwa na mpwa wangu kutoka Dar es Salaam, zawadi kwa mjukuu wangu wa kike aliyekuwa ametimiza miaka tisa. Walikuja wawili, wale samaki wa rangi ya dhahabu ambao Wachina wamekuwa wakiwafuga kwa zaidi ya miaka elfu moja, ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji na hewa. Mmoja alikufa siku ya nne. Aliyebaki mtoto alimpa jina la Karoti, na hilo halihitaji maelezo.

Sisi wazee tulidhani kwamba samaki akishapata maji amepata kila kitu. Bakuli lenyewe lilichukua kama lita sita. Maji yalipoanza kuwa na ukungu niliyamwaga yote, nikalisugua bakuli kwa sabuni, nikasugua na vijiwe vya chini kimoja kimoja, nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka bombani. Niliona nimefanya kazi ya maana. Kesho yake samaki akawa juu ya maji, akihema. Nikaona hajatosheka na usafi, nikarudia. Siku ya tatu akalala ubavu.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo ninayemfahamu. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu wangu, mimi ni wa ng'ombe." Aliyenisaidia ni kijana mmoja anayetunza bwawa la samaki wa mapambo, na baada yake vitabu. Nikajifunza mambo ambayo kwa umri wangu, tena nikiwa mwalimu, ilinipasa kuyajua.

Samaki hutoa amonia mwilini mwake, sehemu kubwa kwa kupitia mashavu yale yale anayopumulia. Mtoni au ziwani huchukuliwa na maji mengi, wala haimdhuru. Katika lita sita haina pa kwenda. Inabaki pale pale, na yeye anaivuta tena. Inachoma mashavu. Wapo bakteria wanaoota juu ya vijiwe na kuta za kioo, nao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia zaidi. Lakini bakteria hao huhitaji majuma kadhaa kujijenga, na mimi nilikuwa nawasugua kwa sabuni kila walipojaribu. Maji ya bomba nayo yana klorini ya kuua vijidudu vinavyotudhuru sisi, na klorini haiulizi kama huyu ni kijidudu au ni samaki. Ongeza joto letu la kaskazi: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 7 na nusu hivi, na samaki wa aina hii asili yake ni maji ya baridi.

Kwa hiyo kila tendo langu la usafi lilikuwa tendo la kumchoma. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa mjinga tu, na kwa yule anayechomeka hizo si habari mbili tofauti. Nimesomesha watoto miaka thelathini na moja, na ninakiri kwamba usiku ule nilifikiri zaidi juu ya baadhi ya watoto hao kuliko juu ya samaki.

Tukaanza upya. Ndoo mbili za maji zililala wazi usiku kucha ili klorini itoke. Kila siku nilipunguza robo ya maji ya bakuli na kuongeza yaliyolala. Chakula kikawa chembe chache tu, siku moja baada ya siku moja, ingawa mtoto alilia kwamba ninamtesa kwa njaa. Nikanunua pampu ndogo ya hewa, ile inayotoa mapovu. Karoti akapata nafuu, akasimama wima kwa siku kadhaa, akaja kula kwenye kidole cha mtoto.

Lakini ule ulikuwa wakati wa mgawo wa umeme, na wote tunaukumbuka. Umeme ukikatika jioni, pampu inanyamaza. Usiku wa kwanza niliamshwa na ukimya wenyewe. Nikawasha taa ya chemli, nikachukua kata jikoni, nikawa nateka maji ya bakuli na kuyamwaga tena kutoka juu, polepole, ili yaingie hewa. Nilifanya hivyo mpaka alfajiri, nikipumzika kidogo na kuanza tena. Mke wangu alitoka chumbani akasimama mlangoni. Akanitazama kwa muda. "Baba," akasema, "mimi nilipokuwa na homa mwaka ule hukukesha hivi." Alisema kwa mzaha, lakini haukuwa mzaha mtupu, nami sikuwa na la kumjibu kwa sababu ni kweli sikukesha. Nilimwachia dada yake.

Jirani yetu mchuuzi wa samaki alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. Aliniambia kwamba kwa fedha ya pampu ile ningekula vibua mwezi mzima. Simlaumu. Si mtu katili. Ni mtu ambaye tangu utotoni amewahesabu samaki kwa mafungu na mitungo. Mjukuu wangu yeye alimhesabu mmoja. Na nadhani ugomvi wote huu, kama upo, uko kati ya hesabu hizo mbili.

Hapa niseme neno juu ya lugha yetu, ambalo limenishangaza uzeeni. Ng'ombe akichinjwa, akafika mezani, huwa nyama: tunasema "nyama hii". Mbuzi vivyo hivyo. Hata tukitaja jina lake tunasema "nyama ya mbuzi hii ni ngumu". Lakini samaki, hata akiwa kikaangoni, hata akiwa nusu ameliwa, hubaki "samaki huyu". Samaki huyu ana miiba. Samaki huyu hakuiva. Sarufi haikumwondoa katika ngeli ya wenye uhai. (Kuku naye yumo katika heshima hiyo, sijui kwa nini.) Sitaki kujenga nyumba juu ya kokwa, lugha ina mambo mengi yasiyo na sababu. Ila tangu nilipoliona hilo, kila ninaposema mezani "huyu mtamu" nasikia kitu.

Basi swali langu lilikuwa hili: nina haki gani ya kumkeshea Karoti na kumla changu? Kama samaki ana thamani, mbona namla? Na kama hana, mbona nakesha?

Jibu la haraka ni kwamba mapenzi hayana usawa. Namlilia mtoto wangu kuliko wa jirani, wala hakuna anayeniona mwovu. Lakini jibu hilo halikunitosha, kwa sababu mimi sikumpenda Karoti. Nasema kweli. Mtoto ndiye aliyempenda. Mimi nilimwonea huruma, na zaidi ya huruma nilijiona nadaiwa.

Nikakumbuka kisa tulichofundishwa chuoni tukiwa wadogo, katika mafundisho ya Mtume, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Watu wengi wakikisimulia husema alimnyima chakula. Lakini kisa chenyewe kina sehemu mbili: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie mwenyewe. Paka wa barabarani akifa njaa, labda sina dhambi, labda ninayo kidogo. Paka niliyemfungia mlango ni jambo jingine kabisa, kwa sababu nimejiweka mahali pa riziki yake yote. Mimi ndiye mvua yake na mimi ndiye jalala lake.

Karoti alikuwa hivyo. Changu aliishi baharini maisha yake mwenyewe mpaka siku ya ndoana, na hakunidai kitu hata dakika moja kabla yake. Sisemi ndoana ni njema. Nasema tu kwamba deni la aliyefungiwa ni deni la aina yake. Hewa yake ilitoka kwangu, joto lake lilikuwa la sebule yangu, na uchafu wake haukuwa na mahali pa kwenda isipokuwa nimwondolee mimi. Sijapata kumdaiwa kiumbe yeyote namna hiyo, isipokuwa watoto wangu walipokuwa wachanga. Na wao walikuwa na mama yao, na sauti.

Sauti ndiyo iliyonitaabisha baadaye. Samaki hasemi, halii, uso wake haukunjamani. Wapo wataalamu wanaosema ubongo wake hauna sehemu ile ya kuhisi maumivu kama tunavyohisi sisi. Lakini mwaka 2003 mtaalamu mmoja aitwaye Lynne Sneddon, pamoja na wenzake kule Uskoti, walichapisha majaribio ya samaki aina ya trauti: waliwadunga baadhi yao midomoni kwa asidi au sumu ya nyuki. Samaki hao wakakaa muda mrefu bila kula, wengine wakawa wanayumbayumba, na waliodungwa asidi wakasugua midomo yao kwenye vijiwe vya chini. Wanaopinga wanasema kuonyesha dalili si kuhisi. Inawezekana. Mimi nilimwona Karoti akijisugua kwenye vijiwe mara nyingi, na nilikuwa nikidhani anacheza.

Mwezi wa Desemba hali yake ikaharibika tena. Kile kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kusimama majini kilikuwa kimeshindwa; akawa anaelea kichwa chini, tumbo juu, na ngozi ya tumbo iliyokuwa nje ya maji ikaanza kuwa nyekundu. Tulimhamishia katika beseni kubwa la kufulia. Tulimfungisha chakula siku tatu, kisha tukampa njegere zilizochemshwa na kumenywa, kama tulivyoelekezwa. Alikula moja. Hakula nyingine.

Ndipo mashauri yakaanza kumiminika. Mpwa wangu akapiga simu: "Mjomba, usijisumbue. Nitaleta mwingine wa rangi hiyo hiyo, umbadilishe usiku, mtoto hatajua." Ni shauri ambalo bila shaka limetendeka katika nyumba nyingi, kwa upendo. Nililikataa, na si kwa sababu nauchukia uongo kila mahali. Nimewahi kuwadanganya wagonjwa. Nililikataa kwa sababu lingemfundisha mtoto, hata bila yeye kujua, kwamba mmoja ni sawa na mwingine. Na hapo mimi na yule mchuuzi tungekuwa tumekubaliana, isipokuwa yeye husema wazi.

Mwingine akasema tumpeleke Mto Zigi, akafie mahali penye nafasi. Hili nilishawishika nalo. Linapendeza kulisikia: kumwachia huru. Lakini huru wapi? Babu zake walitengenezwa na watu katika madimbwi ya Uchina. Hakuna mto wa kwetu unaomjua. Na mimi niliwahi kufundisha Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nilikuta wazee wakizungumza juu ya furu, wale samaki wadogo wa ziwani wa mamia ya aina, jinsi walivyokuwa wakijaa kwenye nyavu. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na watu waliodhani wanaongeza neema. Alipokuja kuzaana sana, miaka ile ile ya 1980, furu wakatoweka mbele ya macho yetu, aina baada ya aina, nyingine kabla hazijapewa hata jina la kitaalamu. Si sangara peke yake aliyewamaliza, maji ya ziwa nayo yalichafuka; lakini yeye ndiye aliyewala. Aina chache zilihifadhiwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Nililifikiri hilo sana: kwamba kuna samaki wa Ziwa Victoria waliookoka kwa sababu mtu wa mbali aliwafungia, akawabadilishia maji. Basi kufungia nako si neno moja.

Hakuna aliyelia kwa furu. Nami sikulia, ingawa nilikuwepo.

Mwisho yule kijana wa bwawa akanieleza, kwa sauti ya chini kama mtu anayetaja jambo la aibu, kuhusu mafuta ya karafuu. Yale yale tunayopaka kwenye jino. Yale wanayoyakamua Pemba kutokana na makonyo. Watafiti huyatumia kuwalaza samaki wanapotaka kuwapima: kipimo kidogo, samaki hulala, kisha huamka. Kipimo kikubwa, haamki. Mafuta hayachanganyiki na maji kwa urahisi, kwa hiyo huyatikisa kwanza katika chupa yenye maji kidogo ya uvuguvugu, halafu unamimina taratibu. Chupa tulikuwa nayo kabatini, ya mke wangu.

Nilimwambia mtoto. Niliona ana haki ya kujua. Nilimwambia Karoti amechoka, na kwamba ipo dawa ya kumlaza asiumie tena. Akafikiri. "Babu, amekuambia amechoka?"

"Samaki hasemi, mama."

"Sasa wewe umejuaje?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi wa elimu, na mahakimu mara moja, na sijakwama hivyo. Nilijuaje? Nilimwona hali. Nilimwona tumbo lake. Lakini niliona pia kwamba mimi ndiye niliyechoka: ndoo, kata, kuamka usiku. Macho yanayotazama uchovu wa mwingine yakiwa nayo yamechoka yatawezaje kuhukumu? Nikamjibu mtoto kwamba sina hakika, kwamba tutangoja tuone, na kwamba tutaamua pamoja. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti, na mke wangu ni shahidi.

Siku ya nne baada ya hapo nilimkuta alfajiri akiwa ametua chini ya beseni, mapezi yameng'oka vipandevipande, akipumua mara moja, halafu kimya kirefu, halafu mara moja. Mtoto alikuwa amelala. Nilisimama pale kwa muda gani sijui. Nilijiambia kwamba kumwamsha aone hivi ni ukatili. Nilijiambia kwamba ataomba tungoje, na kungoja ni mateso ya samaki. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, na zote mbili, nikizitazama leo, zilinifaa mimi kwanza. Nikatikisa chupa. Nikamimina taratibu kama nilivyoelekezwa. Hakupapatika. Aliegemea upande, mashavu yakapunguza mwendo, yakasimama. Nami nikangoja nusu saa kwa saa ya ukutani ili niwe na hakika.

Sikuwa nimefikiri juu ya harufu. Nyumba nzima ilinuka karafuu. Mjukuu wangu akatoka chumbani akifikicha macho. "Babu," akasema, "unaumwa jino?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia ukweli. Akaenda kwenye beseni, akatazama, akaingiza kidole majini pale alipokuwa akimlishia. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Ulisema pamoja," akarudi chumbani.

Tulimzika chini ya mpera jioni ile. Mke wangu aliniambia nimefanya sawa, na kijana wa bwawa akasema hivyo hivyo, na mpwa wangu alishangaa kwamba jambo lenyewe linazungumzwa. Kuhusu samaki, nadhani kweli nilifanya sawa, ingawa sitaapa. Kuhusu mtoto, nilichukua kitu kilichokuwa chake. Nilimfundisha kwamba kila mmoja ni mmoja, kisha nikafanya kama kwamba kilio kile cha alfajiri kilikuwa changu kukigawa.

Hakuomba samaki mwingine. Bakuli limejaa simbi alizookota ufukweni. Mwezi uliopita mbuzi wetu mzee alianguka kwenye mtaro akavunjika mguu, na usiku tukawa tunashauriana, mimi na mke wangu, kama tumwite mchinjaji asubuhi au tumfunge vijiti tuone. Mtoto, ambaye sasa ni msichana mrefu, alikuwa akifanya kazi zake za shule mezani na hakuinua kichwa. Alipokwisha alifunga madaftari, akatuaga, na alipofika mlangoni akageuka.

"Babu," akasema, "safari hii uniamshe."